Utasa wa Namba

Mtunzi wa pwani hujua kugawa. Mshororo wake wa mizani 16 huukata kati, ukwapi 8 na utao 8, naye mghani akapata pa kupumua. Mpe mizani 17 uone atakavyotaabika, kwani 17 haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Namba za namna hiyo Kiswahili cha darasani huziita namba tasa.

Neno hilo nimelifundisha miaka mingi mbali na bahari, kwanza Mbeya, kisha Iringa. Shufwa na witiri nilitoka nazo Unguja, nazo hazikunitatiza. Tasa ilinichoma. Mimi sikujaaliwa mtoto, na jina hilo nilikwisha kulisikia likinong'onwa kabla sijaliandika ubaoni.

Mbeya tulihesabu kwa maharage. Watoto walizipanga punje 12 safu 3 za nne nne, ama safu 2 za sita sita. Punje 7 zikawakatalia katakata. Zikakaa safu moja tu. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, saba imekosa nini hata iitwe tasa?"

Nilimjibu kwa hesabu. Kumi na mbili ni 2 mara 2 mara 3; thelathini na tano ni 5 mara 7. Kila namba iliyozidi 1, ama ni tasa yenyewe, ama imepatikana kwa kuzidisha tasa, na nasaba yake ni moja tu, haina ya pili. Basi hizo ziitwazo tasa ndizo zilizozaa nyingine zote.

Nilikuwa Iringa Oktoba 2024 ilipotangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizopata kujulikana hadi siku hiyo. Aliyeigundua ni Luke Durant wa Marekani. Panga mbili 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: ndiyo hiyo. Ina tarakimu 41,024,320. Anayetamka tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, atamaliza baada ya siku zaidi ya 470.

Jitu hilo ni ndugu wa ile 7 ya maharage, maana 7 nayo ni 2 mara 2 mara 2, toa 1. Zidisha 7 kwa 4 upate 28. Kisha jumlisha vigawanyo vyake vilivyo chini yake, 1, 2, 4, 7 na 14, urudi pale pale kwenye 28. Namba ya namna hiyo huitwa kamilifu. Mgiriki Euclid alithibitisha, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba kila tasa wa ukoo huu huleta namba kamilifu yake.

Sidai neno lifutwe vitabuni. Ila atakayelitamka kwa kumkejeli mwanamke, kwanza na ahesabu waliopita mikononi mwake.