Ardhi Iliyorogwa

Mahali huwa na tabia kama watu. Kuna mahali panapopendwa, kuna mahali panapoheshimiwa, na kuna mahali panapoogopwa. Mwambao wa Afrika ya Mashariki una mahali pengi pa namna hizi. Chini ya mbuyu mkubwa, ndani ya pango la pwani, au katika mahame ambayo wenyeji wake walihama zamani, mpita njia hupunguza sauti yake, na mwenye haja huacha ubani au kipande cha nguo. Walakini mahali hapo hapakuharibika. Mbuyu wa mzimu huzaa mabuyu kama mbuyu mwingine, na maji ya pangoni hayapungui ladha kwa sababu ya tambiko. Hofu iliyopo hapo ni bawabu wa mahali, wala si ugonjwa wa mahali. Na aghalabu bawabu huyo ameokoa miti ambayo shoka lingaliimaliza.

Ardhi iliyorogwa ni jambo jingine. Hii ni ardhi ya hadithi za giza, ambamo nguvu isiyo ya ulimwengu huu huingia mahali ikageuza asili ya kila kitu kilichomo. Mti husimama, lakini uhai wake si wa mti. Ua huchanua, lakini harufu yake ni ya kaburi. Maji hutiririka, lakini hayakati kiu. Katika karne ya 20 waandishi wa nchi mbalimbali walieleza ardhi ya namna hii. Walitofautiana kwa lugha, kwa imani na kwa shabaha. Hata hivyo, wale walioitazama sana waliona siri moja: ardhi iliyorogwa haimfukuzi mtu, humshika. Anayepotea humo aghalabu huwa ameuona ubaya kwa macho yake mawili, akabaki.

Mfano ulio wazi ulitolewa na H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1890 akafa mwaka 1937. Hadithi yake The Colour Out of Space, yaani rangi iliyotoka nje ya anga, ilichapishwa katika gazeti la Amazing Stories mwezi wa Septemba 1927. Inasimulia habari za mkulima Nahum Gardner, mkewe na wana wao watatu. Walikuwa na shamba, bustani ya matunda na kisima, magharibi ya Arkham, mji uliobuniwa na mwandishi mwenyewe. Mwezi wa Juni 1882 jiwe lilianguka kutoka mbinguni karibu na kisima hicho. Wataalamu walilijia wakalipima. Walikata kipande wakaenda nacho. Kipande kikatoweka pamoja na chombo cha kioo kilichokiweka. Kisha ikaja dhoruba, radi ikalipiga jiwe lenyewe mara sita, nalo likatoweka pia. Wataalamu wakarudi kwao. Elimu ilikuwa imemaliza kazi yake. Msiba ulikuwa haujaanza.

Mwanzo wa msiba ulikuwa uzuri. Matunda ya mwaka ule yalikuwa makubwa na ya kung'aa kuliko ya mwaka wowote, hata Nahum akaagiza mapipa zaidi ya kuyatilia. Yalipoiva, hapakuwa na tunda hata moja la kulika. Nyuma ya utamu wa kwanza ulikuja uchungu uliochukiza ulimi, na mavuno yote yakapotea. Majira yaliyofuata miti na majani yalitoa rangi ambazo jicho la mtu halikupata kuziona, na usiku vilitoa mwanga hafifu bila ya mwezi. Baadaye kila kitu kiligeuka kijivu kikawa cha kuvunjika. Mimea ilianguka ikawa vumbi. Wanyama wa kufugwa walikauka wakamomonyoka wakiwa hai. Mke akarukwa na akili, akafungiwa chumba cha juu. Mwana mmoja akafuata njia ya mama yake. Wawili wengine walitoweka, mmoja baada ya mwingine, na habari ya kila mmoja iliishia kisimani.

Nahum alikuwa na rafiki mmoja, Ammi Pierce. Majirani wengine walikata mguu. Walizunguka njia ya mbali kuliko kupita mbele ya shamba lile. Ammi peke yake alikwenda kumtazama. Yeye ndiye aliyetambua kwanza kwamba maji ya kisima yameharibika, akamshauri rafiki yake achimbe kisima kingine mahali pa juu. Shauri lilikuwa jema, lilikuwa rahisi, na lilitoka katika kinywa cha mpenzi. Nahum hakulifuata. Aliendelea kuyanywa maji yale pamoja na jamaa yake, kama mtu anayetimiza desturi ambayo maana yake imesahauliwa.

Msomaji mwepesi wa kuhukumu humwita Nahum mjinga. Hukumu hiyo haimtendei haki. Nahum aliona kila alichokiona Ammi, tena alikiona kila siku, asubuhi na jioni. Lakini shamba lile lilikuwa jasho lake. Kila mti bustanini alikuwa ameutunza. Kila jiwe la ukuta alilijua. Kwa mtu kama huyu kuhama si kubadili mahali pa kulala. Ni kukiri kwamba nusu ya maisha yake imeoza. Kabla hajafa alimweleza rafiki yake, kwa maneno yaliyokatikakatika, kwamba mtu huweza kujua kuwa kitu kinamjia asiweze kuondoka. Hapo mwandishi aligusa ukweli ulio mkubwa kuliko jiwe la mbinguni. Uchawi haukumfunga Nahum kwa mnyororo mpya. Ulitumia mnyororo uliokuwapo, nao ulikuwa mapenzi yake.

Mwisho wa hadithi, rangi ile ilifyatuka kutoka kisimani ikarudi angani. Ammi, aliyegeuka nyuma kutazama, aliona sehemu yake ndogo ikianguka tena pale ilipotoka. Ikabaki ardhi tupu ya kijivu isiyoota kitu. Ajabu ni kwamba Ammi naye hakuhama. Alizeeka karibu na pale, akitetemeka kila alipokumbuka.

Miaka michache kabla ya hadithi kuchapwa, lambo kubwa lilichimbwa Scituate, katika jimbo la Rhode Island, ili kuupatia maji mji wa Providence alikokaa Lovecraft. Bonde lilifunikwa pamoja na mashamba na vijiji vyake. Katika hadithi pia msimulizi ni mpimaji ardhi aliyetumwa kuandaa lambo, naye anaapa kuwa maji yake hatayanywa. Jambo hili halina budi kutiwa moyoni. Shamba la Nahum liliua jamaa moja. Maji yatakayolifunika yatanywewa na mji mzima.

J. R. R. Tolkien wa Uingereza alieleza ardhi mbaya kwa imani nyingine. Katika The Lord of the Rings, iliyotolewa mwaka 1954 na 1955, uovu una mwenyewe, na jina lake ni Sauron. Watumwa wake waliuteka mji wa Minas Ithil, mnara wa mwezi, ukageuka Minas Morgul, mnara wa uchawi. Kuta zake hutoa mwanga kama wa kitu kilichooza, na bondeni humea maua meupe yenye sura nzuri na harufu ya mauti. Frodo, mwenye safari, alipofika karibu na daraja la mji huo alihisi akili yake ikifunikwa, na miguu ikaanza kukimbilia pale alipopaogopa kuliko pote. Huu ni mshiko ule ule uliompata Nahum. Tofauti moja ilileta wokovu: Sam, mtumishi na rafiki yake, alimkamata kwa mkono akamrudisha. Ammi alitoa neno. Sam alitoa mkono.

Kwa kuwa uovu wa Tolkien una mwenyewe, ardhi yake huweza kutakaswa mwenyewe akianguka. Lakini Tolkien hakuifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Mfalme alipopata kiti chake aliamuru Minas Morgul ibomolewe, na watu wasikae huko kwa miaka mingi. Sam naye alirudi kwao akakuta miti imekatwa. Akatia punje ya udongo aliopewa na Galadriel katika kila shimo la mche, akangoja majira. Mwandishi huyu alijua anachokisema. Mwaka 1916 alikuwa askari katika mapigano ya Somme, na katika barua ya mwaka 1960 alikiri kwamba vinamasi vya wafu vya kitabu chake vina deni kwa Ufaransa ya kaskazini baada ya mapigano hayo. Baada ya vita vile vilivyokwisha mwaka 1918, serikali ya Ufaransa ilitenga ardhi iliyojaa mizinga, mifupa na sumu. Karibu na Verdun viko vijiji ambavyo havikujengwa tena mpaka leo.

Namna ya tatu ilitoka Urusi. Ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky, walitoa mwaka 1972 riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mandari ya Kando ya Njia. Wageni wa mbinguni wametua kidogo wakaondoka, na mahali walipotua pamebaki pamejaa vitu vya ajabu vyenye kuua. Mtaalamu mmoja anasema kuwa yamkini wageni hao hawakuwa na nia yoyote. Walipumzika tu kama watu wa mandari, wakaacha takataka. Redrick, shujaa wa riwaya, huingia humo usiku kwa siri, huiba vitu hivyo akaviuza. Binti yake amezaliwa na manyoya mwilini, na kila mwaka ubinadamu wake hupungua. Redrick anajua sababu yake. Bado huingia, kwa kuwa fedha ya kumlisha mtoto hutoka hapo hapo palipomdhuru mtoto. Nahum alishikwa na mapenzi. Huyu ameshikwa na mapenzi na njaa pamoja.

Miaka 14 ilipita, na hadithi ikapata mwenzake duniani. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nguvu za atomu wa Chernobyl, katika Ukraine, ulilipuka. Msitu wa misonobari uliokuwa jirani ulikufa ukawa mwekundu. Sumu haikuwa na rangi wala harufu, na bustani zilichanua kama kawaida. Watu walipakiwa katika mabasi wakaondolewa, na eneo la kilomita 30 kuzunguka mtambo likafungwa. Hata hivyo, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wazee, walirudi vijijini mwao bila ya ruhusa, wakalima viazi katika udongo ule ule. Hawakuwa wajinga. Huko walikopelekwa walipewa pa kulala. Hawakupewa pa kuwa.

Ikiwa hadithi hizi na habari hii zina funzo moja, funzo lenyewe halihusu uchawi. Uchawi, jiwe, mzinga na mtambo ni njia mbalimbali za kufikia shina moja. Ardhi huharibika siku moja. Mtu huchukua miaka kuamini, na miaka mingine kuondoka. Katika muda huo jirani hupimwa. Wapo wanaozunguka njia ya mbali. Wapo wanaotoa shauri jema wakarudi kwao kabla ya giza. Wachache hukamata mkono, na katika wachache hao ni haba anayekumbuka kuwa mkono unaomtoa mtu kwao lazima uwe na kwingine pa kumfikisha.

Onyo ni haki ya jirani, lakini halitoshi kuwa wema wote. Ammi Pierce alikuwa mtu mwema. Alifika pale ambapo wengine hawakufika. Yamkini kilichomzuia kuhama katika uzee wake hakikuwa rangi iliyobaki kisimani. Huenda ilikuwa kumbukumbu ya siku ile aliposema neno la kweli juu ya maji, akaona halikusikiwa, akaaga akaenda zake.