Safari ya Sigowet na Motokaa Iliyokunywa Oili

Msomaji aliyepata kusafiri kutoka Kericho kwenda Kisumu anaijua Kapsoit, pale ambapo barabara ya Sondu huiacha barabara kuu na kushika upande wa kushoto. Wengi hupita pale bila kugeuza shingo, kwa maana macho yao yamekwisha kushiba chai tangu Kericho. Mimi hushika njia hiyo kila nipatapo likizo, kwa sababu mama yangu alizaliwa Sigowet, na mjomba wangu angali anakaa huko katika shamba la babu. Nchi ile huanza kwa chai, kijani kitupu, kisha kadiri mtu anavyotelemka kuelekea Sondu joto huongezeka, chai hupungua, na mahali pake huonekana mahindi, kahawa na mananasi. Kericho imekaa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari; Sondu, iliyo mpakani mwa kaunti za Kericho na Kisumu, iko chini yake kwa mamia ya mita. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyotutolea shauri.

Nilifika siku ya Jumatano, yapata saa kumi na moja jioni, mvua ya mawe ikiwa imetoka kunyesha. Mvua hiyo si kitu kigeni huko: hewa yenye unyevu itokayo Ziwa Victoria hupanda milimani alasiri, na mara nyingi majani ya chai hutobolewa kana kwamba yamepigwa risasi. Mkaza mjomba alinipokea kwa “Chamgei,” nami nikaitikia, akaniletea mursik katika kikombe kikubwa. Sijakimaliza, nikasikia motokaa ikipanda njia ya murram. Juu ya ngurumo yake kulikuwa na mlio mwingine mdogo wa haraka, tik-tik-tik-tik, kama cherehani ya mtu mwenye hasira.

Mjomba alishuka, tukaamkiana vizuri na kuulizana habari za nyumbani, kisha akaniuliza, “Karani, umeisikia?” Huniita hivyo tangu nilipopata kazi ya serikali, wala sijui kama ni heshima au mzaha.

Motokaa yenyewe ni gari dogo la mizigo lililotoka Japani likiwa limekwisha tumika. Sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini hili lilikuwa limekaa kwa mwenyewe mwingine miaka mingi kabla ya mjomba kulinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Asubuhi hubeba maziwa na abiria mpaka Kapsoit. Baadaye hukusanya magunia ya chai ya majirani na kuyafikisha kwenye kituo cha kununulia. Kazi hii haingoji, maana jani bichi lililoshindiliwa katika gunia huanza kupata joto na kuwa jekundu, na mpimaji hulikataa. Motokaa ikilala njiani, nyumba kadhaa zimepoteza kazi ya siku nzima.

Basi, fundi mmoja wa mjini alikuwa amemwambia mjomba kwamba injini imekwisha, atafute nyingine, na gharama pamoja na kazi ni shilingi 80,000. Mjomba aliamua kuuza mitamba watatu siku ya Jumamosi. Mbele yake mkaza mjomba hakusema neno. Lakini nilipompelekea kuni jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, “Yule mwekundu nimemlea kwa mkono tangu mamaye afe, naye yu karibu kuzaa. Motokaa haitoi maziwa, mwanangu.”

Mimi si fundi. Kazi yangu ni mafaili. Walakini karani hawezi kuona daftari asilifungue, na mjomba ana daftari zuri sana: upande mmoja kilo za chai, upande wa pili petroli, oili na kilomita. Nililisoma usiku ule kwa taa. Katika mwezi mmoja motokaa ilikuwa imekwenda kilomita 2,200, na mjomba alikuwa amenunua nusu lita ya oili mara 11, yaani lita tano na nusu. Hiyo ni lita moja kwa kila kilomita 400. Wako watengenezaji wa magari wanaohesabu lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa mwisho wa kuvumilika. Kwa hiyo fundi wa mjini hakusema uongo kwamba kuna ugonjwa.

Nikamwuliza mjomba, “Hujuaje siku ya kuongeza?”

Akajibu, “Inapoanza kulia.”

Hapo nikashtuka. Alikuwa akipima oili kwa sikio! Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari limesimama penye tambarare, tulichomoa kijiti cha kupimia, tukakipangusa kwa kitambaa, tukakirudisha mpaka mwisho na kukichomoa tena. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya pili. Katika motokaa nyingi ndogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kiasi cha lita moja, na injini nzima hubeba karibu lita nne. Ile ya mjomba ilipokea lita moja na nusu kabla ya kufika alama ya juu. Maana yake, kwa miezi mingi ilikuwa ikipanda na kutelemka milima ile ikiwa na oili iliyozidi nusu kidogo tu.

Na mlio ulitoka huko. Oili hukaa chini ya injini, na pampu huisukuma mpaka juu kabisa, kwenye shafti zinazofungua valvu na kwenye kifaa kinachokaza mnyororo unaozizungusha. Ikiwa ni haba, penye mteremko hukimbilia upande mmoja, pampu hunyonya hewa, na vyuma vya juu hugongana vikavu. Sehemu hizo ndizo za mwisho kupata oili na za kwanza kulalamika. Tulipokwisha kuongeza, mlio ulipungua zaidi ya nusu. Haukuisha, lakini mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kosa jingine lilikuwa katika mkebe wenyewe. Mtu alimshauri anunue oili nzito, namba 50, eti haitapita penye nyufa. Kitabu cha gari kilitaka 5W-30. Ile namba iliyo mbele ya herufi W ni ya baridi, nayo huonyesha wepesi wa oili injini inapowashwa asubuhi. Ya pili ni ya injini iliyokwisha kupata moto. Asubuhi za Kericho ni za baridi, na oili nzito huchelewa kupanda. Katika dakika ile ya kuchelewa vyuma hulika.

Lakini ilikuwa ikienda wapi? Chini ya gari hapakuwa na tone. Oili isiyovuja huwa inaungua, na ikiungua hutoa moshi wenye rangi ya buluu. Mweusi ni wa petroli iliyozidi, na mweupe mzito usiokoma ni wa maji. Hapo ndipo barabara ya Sondu ilipotufaa. Alhamisi, mjomba alipakia magunia sita ya mahindi, akaendesha, nami nikapanda bodaboda nyuma yake, kofia ya chuma kichwani na karatasi mfukoni. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama mzee anadaiwa.

Tulitelemka polepole, mjomba akiwa ameondoa mguu katika mafuta na gia ikizuia gari, kama inavyotakiwa. Hapakuwa na moshi. Tulipofika chini penye tambarare akakanyaga mafuta, na papo hapo likatoka wingu la buluu, likatufunika mimi na kijana, kisha likakoma. Tukageuka, tukapanda mlima na mzigo uleule, injini ikivuta kwa nguvu zake zote. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Bomba lilikuwa safi. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa vilevile.

Huenda msomaji akauliza tofauti ni nini. Katika injini oili ina milango miwili ya kuibiwa. Wa kwanza ni ringi za pistoni. Hizi zikilika au kuzibwa na masizi, moshi kwa kawaida huonekana injini inapobeba mzigo kupanda mlima. Wa pili ni vifuniko vidogo vya mpira vinavyobana shingo za valvu, ambavyo mafundi huviita sili. Hivi hukauka kwa miaka na kuwa vigumu kama kucha. Gari linapotelemka bila mafuta, pistoni huendelea kunyonya ilhali njia ya hewa imefungwa, na mvuto huo huivuta oili kupitia shingoni mwa valvu. Inajikusanya huko ndani. Ukikanyaga mafuta, yote huungua kwa mkupuo mmoja. Kubadilisha ringi ni kuifungua injini yote. Kubadilisha sili ni kazi ya juu juu.

Sokoni Sigowet yuko kijana aliyesomea ufundi katika chuo cha kazi za mikono, mwenye banda la mabati na vyombo vichache vilivyopangwa vizuri. Alinisikiliza, lakini hakuniamini, jambo ambalo lilinipendeza. Alipima kwanza mgandamizo wa kila silinda, akaona zote nne zinakaribiana. Kisha akachomoa kivalvu kidogo cha kupumulia injini, akakitikisa karibu na sikio. Kilicho kizima hulia kama kijiwe ndani ya kopo. Hiki kilikuwa kimya, kimeganda kwa masizi. Kikizibwa, hewa iliyofungwa ndani huisukuma oili kutafuta njia nyingine.

Ijumaa alianza saa moja asubuhi. Alitia alama kwenye mnyororo ili meno yarudi mahali pake, akazitoa shafti mbili za juu. Sasa, ukiondoa springi ya valvu, valvu huanguka ndani ya silinda, na ndiyo sababu wengi hukifungua kichwa chote cha injini. Yeye alichukua kamba mpya ya nailoni, akaisukumia ndani kupitia tundu la plagi mpaka ikajaa, akaizungusha injini kwa mkono, pistoni ikapanda na kuibana kamba, nayo kamba ikazishikilia valvu juu. Mkaza mjomba, aliyekuwa ameleta chai, alicheka mpaka akaketi. Hata mimi sikuwahi kuona motokaa ikifungwa kamba kama ndama.

Sili 16 zilibadilishwa kabla ya usiku kuingia, pamoja na kile kivalvu, chujio na oili ya namba iliyoandikwa kitabuni. Bei ya vyote na kazi ilikuwa shilingi 9,000. Ile oili chafu mkaza mjomba aliitaka apake nguzo za ua kwa ajili ya mchwa. Fundi akamsihi asiimwage karibu na kijito, kwa maana maji ya huko huteremkia mto Sondu na mto huenda Ziwa Victoria.

Jumamosi alfajiri tulikwenda kuiwasha ikiwa baridi. Moshi haukuonekana. Tik-tik ndogo ilibaki, kwa sababu tapeti mbili zina nafasi iliyozidi kwa sehemu ndogo ya milimita, na vipande vyake ni vya kuagizwa Nairobi. Mjomba alisimama akisikiliza muda mrefu, mkono juu ya boneti. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Mwishowe akamjibu kwamba ng'ombe hawaji.

Tangu hapo kijiti huchomolewa kila Jumatatu, na hesabu huandikwa daftarini. Mwezi wa kwanza motokaa ilikunywa lita moja kwa kilomita 1,800. Fundi asema ringi nazo si mpya, na siku yao itafika. Mtamba mwekundu amezaa ndama jike. Mmoja wa wale wengine aliuzwa mwezi wa Januari kwa ajili ya karo, lakini hiyo haikuwa habari ya motokaa.