Hodi ya Kileleni

Ndugu msomaji, katika adabu tulizorithi pwani, ni chache zilizo nyepesi kutamka na nzito kwa maana kama hodi. Mstaarabu hausukumi mlango wa mwenzake. Hubisha, hungoja, na asipojibiwa hurejea alikotoka. Sikudhani kuwa ningeikuta adabu hiyo hewani, tena katika nchi ya baridi.

Nilipokwenda Uingereza kumzuru binti yangu, mumewe alituchukua sote, pamoja na wajukuu wawili, kupanda kilima kiitwacho The Cloud, karibu na mji wa Congleton. Urefu wake ni mita 343 tu, na bakora yangu ilinitosha. Mkwe wangu ana leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi, si kwa biashara. Yumo pia katika mpango wa Summits on the Air, ulioanza huko mwaka 2002. Sharti lake ni kwamba umeme usitoke katika mashine ya mafuta wala gari, na mwenye kupanda hapati alama za kilele mpaka awapate watu wanne wa kuzungumza nao.

Tulipofika juu, watoto walitaka kusema papo hapo. Baba yao akawazuia. Kwanza alisikiliza kitambo. Kisha akajitaja kwa herufi na nambari za leseni yake katika megahezi 145.5, ambayo ni kama baraza ya nje: watu huitana hapo, kisha huhamia mkondo mwingine ili wasiwazibie wenzao njia. Na huko nako huuliza kwanza kama pana watu. Mjukuu wangu akacheka: "Babu, Baba anabisha hodi!"

Redio yake ni ya wati 5 tu, lakini mawimbi yake huenda takriban kadiri jicho linavyoona, na aliye juu huona mbali. Wakajibu watatu. Wa nne sauti yake ilikuwa hafifu mno. Mkwe wangu akawanyamazisha watoto, akainamisha kichwa, akasikiliza. Alikuwa mzee. Alisema magoti yake hayapandi tena vilima, basi hukaa nyumbani kuwangojea walio vileleni. Wahenga waliposema, "Aliye juu mngoje chini," walimwonya mwenye kiburi. Mzee yule alingoja chini kwa mapenzi, naye akajibiwa kwa taadhima.

Kutoka pale huonekana sahani kubwa ya chuma ya Jodrell Bank, yenye upana wa mita 76, iliyokamilika mwaka 1957. Kazi yake kubwa ni kusikiliza mawimbi dhaifu yatokayo kwenye nyota. Nikawaza: binadamu amejenga sikio kubwa kiasi kile kwa ajili ya walimwengu wa mbali, ilhali katika nyumba ngapi bibi huita kutoka chumba cha pili, asijibiwe? Kila mmoja ana simu mkononi, televisheni inanguruma, na tunakatizana maneno kama watu wasiolelewa.

Basi, ndugu yangu, leo jioni zima kinachopiga kelele, unyamaze kidogo. Isikilize sauti iliyo dhaifu kuliko zote nyumbani kwako, na hiyo ndiyo uijibu kwanza.