Runinga Ilitusaidia, Lakini Ilituficha Jambo



Nyumbani kwetu tuna piano ya umeme yenye kioo kidogo kinachoonyesha noti na maneno ya wimbo. Baba watoto ndiye anayepigia kwaya, hivyo kila Jumamosi jioni hufanya mazoezi. Siku moja tulianza kusikia makosa. Alirudia mstari mmoja mara tatu, huku ameinama pua ikikaribia kugusa kioo. Tulipomwuliza, alijibu kwa ukali, "Mama, taa ya humu ndani imefifia." Tulibadilisha taa, makosa yakabaki. Mwishowe akasema sasa ni zamu ya vijana. Tulimfahamu: hakuchoka kupiga, aliogopa kuaibika mbele ya kanisa.

Binti yetu ndiye aliyeona nyuma ya piano tundu la kutolea picha, lenye vijishimo 15 kama la kompyuta za zamani. Runinga yetu nayo ilikuwa na tundu la namna hiyo. Tulinunua waya, tukazima vyombo vyote viwili, tukachomeka taratibu maana vile vipini hupinda upesi. Tulipowasha, runinga ilibaki nyeusi! Kumbe yalibaki mambo mawili: kuchagua kwa rimoti tundu la kompyuta badala ya antena, na kuiamuru piano yenyewe itoe picha nje. Ndipo noti zikatokea, kubwa na safi. Sauti iliendelea kutoka kwenye piano, kwa kuwa waya ule hubeba picha tu.

Piano hazifanani. Baadhi ya zile mpya zina tundu la HDMI. Nyingine huhitaji kifaa maalumu kilichotajwa katika kitabu chake. Na nyingi hazitoi picha kabisa, hivyo mpigaji huweka noti kwenye tableti. Tena maneno hayaji yenyewe. Ni lazima yawe yameandikwa ndani ya faili la wimbo. Nyimbo zetu za ibada hazikuwamo, na binti alikesha siku kadhaa akiziingiza moja moja.

Baba watoto akapiga tena, nasi tukafurahi. Hapo ndipo tulipokosea. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tulifunga bendeji bila kukiangalia kidonda. Tulikikuza kioo, macho hatukuyauliza.

Miezi minane baadaye alirudi kutoka kanisani usiku, magoti yanavuja damu. Taa za gari zilimpiga usoni, akakosea ngazi. Tulipokuwa tukimsafisha tulimulika tochi machoni mwake, tukaona ukungu mweupe katikati ya mboni. Tukamwuliza kwa upole kwa nini hakusema. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nani angempa kipofu piano?"

Tulilia pamoja. Kesho yake tulikwenda kliniki ya macho. Ulikuwa mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu, na kwa hatua ile miwani isingemsaidia. Alipasuliwa jicho moja kwanza kwa ganzi, akawekewa lenzi ya bandia, na jicho la pili likafuata baadaye. Siku bandeji ilipotolewa alitutazama sana, akacheka: "Mama, kumbe una mvi!"

Wapendwa, baada ya miaka 40 wengi wetu husogeza kitabu mbali ili tusome, na mara nyingi miwani hutosha. Lakini mzee wa nyumbani akianza kugombana na taa, kukerwa na mwanga, au kuacha kazi aliyoipenda bila sababu, msimwachie aibu yake peke yake. Mpelekeni akapimwe, na presha ya macho ipimwe pia. Hiyo mara nyingi haiumi, na uoni inaouchukua haurudi.

Runinga bado imeunganishwa na piano. Sasa ni ya watoto, wanaojifunza sauti ya pili wakisimama nyuma ya baba yao. Yeye husoma kwenye kioo kidogo. Tunamshukuru Mungu kwa vyombo vyote viwili, na tunamwomba atufundishe kutazamana usoni kabla ya kununua waya mwingine.