John Mugabi na Raundi ya 11

Tarehe 10 Machi 1986, John Mugabi alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na rekodi inayowashangaza wapenzi wa ngumi hadi leo: mapambano 25, ushindi 25, wote kwa nokauti. Hakuna mpinzani aliyewahi kumaliza naye raundi zote. Walimwita “The Beast”, yaani Mnyama. Mimi si mwanamichezo, lakini bondia huyu wa Uganda amenifundisha jambo ambalo nimelazimika kulitumia hapa kwetu Rubavu.

Mugabi alizaliwa Kampala mwaka 1960. Katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, alipata medali ya fedha baada ya kushindwa fainali na Mcuba Andrés Aldama. Mwaka huohuo akaingia ngumi za kulipwa. Miaka mitano baadaye, alikuwa tishio.

Usiku ule wa Las Vegas alikutana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati tangu 1980. Mugabi alikuwa amezoea uzito mdogo zaidi, akapanda ili amfuate bingwa. Walipigana vikali, hasa raundi ya 6. Hagler alipigwa makonde ambayo yangewalaza wengine, lakini hakuanguka. Raundi ya 11, Mugabi ndiye aliyekwenda chini, akahesabiwa hadi 10.

Wazee wa huku wakizungumzia ngumi, hawakosi kutaja Kinshasa, Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman raundi ya 8. Foreman naye alikuwa hajapoteza pambano hata moja kati ya 40, na 37 alishinda kwa nokauti. Naona wawili hawa walifanana: walizoea kazi fupi. Mtu ambaye kila siku humaliza mapema hajui pumzi yake itafika wapi mpinzani akikataa kuanguka. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Hata hivyo, Mugabi hakuishia hapo. Desemba 1986 aligombea mkanda wa WBC wa uzito wa chini ya ule wa kati, akaumia jicho, akashindwa na Duane Thomas raundi ya 3. Julai 1989, nchini Ufaransa, akaupata mkanda huo: René Jacquot aliteguka kifundo cha mguu raundi ya 1, pambano likaisha. Machi 1990, Terry Norris alimnyang'anya kwa nokauti ya raundi ya 1. Mwaka 1991, Gerald McClellan naye akamshinda katika raundi ya kwanza. Baadaye alihamia Australia, akarudi ulingoni mwaka 1996, na kustaafu 1999.

Ajabu ni kwamba usiku aliotwaa ubingwa hautajwi sana. Watu wanaukumbuka usiku alioshindwa, kwa sababu ndipo walipoona moyo wake.

Nina binamu anayejifunza ngumi. Anataka kuacha shule. Anasema shule inachelewesha maisha, ngumi inalipa haraka. Shangazi aliniomba nimkanye, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Sikumkanya. Nilimweleza habari za Mugabi, kisha nikamuuliza: siku utakapompiga mtu kwa nguvu zako zote, naye akabaki amesimama anakutazama, utakuwa na nini kingine?

Shangazi hakufurahi. Alitaka neno moja tu: acha. Lakini neno hilo binamu alikwisha kulisikia mara nyingi, na halikumzuia kuamka alfajiri kukimbia kando ya Ziwa Kivu. Swali langu bado hajalijibu. Juzi, hata hivyo, aliniuliza ada ya muhula ujao inalipwa lini.