Kobe wa Kukhu

Kobe wetu hana kibali. Jamaa wa boda alimwokota barabarani Malaba, Kukhu akamfuga nyuma ya jiko, na miaka tisa sasa anatumalizia sukuma.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilianza kumwona kama pesa. Juzi alichimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga. Nikapiga hesabu ya watoto, hata nikasoma kwamba udongo wenye joto zaidi hutoa majike.

Halafu nikasoma Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kumfuga nyumbani, acha hata kumzalisha, kunataka kibali cha KWS. Kumvusha Uganda, ng'ambo tu hapo, kunataka vibali vya CITES. Na Mei 2025 mahakama ya JKIA iliwatoza vijana wawili Wabelgiji milioni moja kila mmoja. Kosa? Malkia wa sisimizi. Sisimizi!

Nikamwambia Kukhu tuwapigie KWS wenyewe. Hakuinua macho kwenye mboga.

“Na mayai, utawaambia yako wapi?”

Namba nimeisevu. Sijapiga. Asubuhi nilimwagilia sukuma, nikaruka ile kona.