Jamaa wa Ujiji, sanduku la Sani na dau la laki sita

Kuna jamaa mmoja pale Ujiji, fundi simu, ukimkuta kwenye kibanda chake huwezi kudhani ana hazina. Umri umegonga hamsini, miwani mguu mmoja umefungwa kwa waya. Ila chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati, lile la kwendea shule ya bweni, limejaa magazeti ya katuni ya zamani. Sani za miaka ya 80 na 90. Film Tanzania chache, zile hadithi za picha za Faraji Katalambula, yule yule wa Simu ya Kifo. Na nakala mbili za Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, tai ya kipepeo na sigara nene, ambaye ukimtazama tu unajua baba yake ni James Bond.

Wewe uliyezaliwa na rimoti mkononi unaweza kucheka. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, wenzetu. Uingereza ndiyo usiseme: kulikuwa na magazeti ya watoto kama TV Comic, lililoanza 1951, na Look-in la 1971, yote yanachora mashujaa wa vipindi vya TV. Mtoto anaangalia jioni, kesho anasoma alichokiona. Leo watu wazima kule wanayasaka kama dhahabu. Look-in lilikufa 1994, mwaka ule ule TV zilipoanza kwetu Bara.

Kwa dogo wa Ujiji mambo yalikuwa kinyume. Gazeti halikufuata filamu. Gazeti ndiyo ilikuwa filamu.

Na filamu hiyo ilikuja na treni. Mjomba wake alikuwa mhudumu wa behewa, Dar mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200. Abiria wakishuka wanaacha maganda ya machungwa, mifupa ya kuku wa Tabora na, Mungu akipenda, Sani. Mjomba anaikunja, anaitia ndani ya shati. Akifika nyumbani, baada ya ugali na migebuka, watoto wa mtaa mzima wanakaa kwenye mkeka, yeye anasoma kwa sauti. Ndumilakuwili alikuwa na sauti yake. Lodi Lofa yake. Madenge alisemewa puani. Kuna kurasa mjomba alikuwa anafika, anakohoa, anafunua mbili kwa mpigo. Watoto walijua. Nani asiyejua Sani ilikuwa na hadithi za wakubwa?

Magazeti yale yaliisha kama yanavyoisha magazeti yote: kufungia karanga, kuwashia mkaa, na mengine msalani, tusidanganyane. Jamaa alianza kuyatafuta akiwa mtu mzima. Alinunua pakiti ya karanga stesheni, akafungua karatasi, akakutana na nusu ya uso wa Pimbi. Akamfuata yule mama wa karanga, akanunua bunda lote. Karanga akagawa.

Tangu hapo ni miaka kumi na kitu. Ameokota Mwanga sokoni, ameagiza kwa makondakta wa Kasulu, amebadilishana simu nzima kwa nakala sita na mzee mmoja wa Kibirizi. Unyevu wa ziwa ni adui, mende ni adui, panya ndiyo kabisa. Sanduku linanuka naftalini mpaka mkewe kahamishia nguo kwa jirani.

Sasa mjomba mwenyewe kazeeka, anaishi chumba cha uani, na macho yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Haoni kitu zaidi ya mwanga wa dirisha. Kwa hiyo zamu imegeuka. Kila Jumapili jioni jamaa anafungua sanduku, anasoma, mjomba anasikiliza na kukosoa.

"Madenge haongei hivyo, mjomba. Mtie puani."

"Sawa, mjomba."

Mwaka jana binti wa jamaa akapiga picha jalada tatu, akatupia Instagram. Hakufika mbali, likes arobaini tu, lakini mmoja wa walioona alikuwa mkusanyaji wa Dar. Akaja inbox na dau: laki sita kwa zote zenye majalada, na nauli ya mzigo juu yake. Jamaa akakataa siku hiyo hiyo. Mkewe akakaa kimya siku mbili, ya tatu akasema.

"Baba watoto, hela ya macho ya mjomba tumeitafuta tangu lini?"

"Nikiuza, akifungua macho ataona nini?"

"Ataona watu. Au hatutoshi?"

Hapo jamaa alikosa jibu, na kwa kweli hakukuwa na jibu. Ni rahisi kumsifu mtu anayetunza kumbukumbu. Anayelala na harufu ya naftalini ni mwingine. Akafunga mzigo mwenyewe, nakala moja moja, kwenye nailoni. Spearman wote wawili wakaondoka. Inasemekana aliusindikiza mpaka kwenye basi, akarudi na kufungua kibanda kama kawaida, ila siku hiyo aliunguza simu ya mteja.

Zikabaki kumi na nne zisizo na majalada, ambazo mnunuzi hakuzitaka.

Operesheni ilikwenda vizuri. Bandeji ilipotoka mjomba aliwatazama wote, akamcheka jamaa kwa mvi, kisha akaomba Sani. Akapewa moja iliyochakaa kuliko zote. Akaanza kuisoma polepole, kidole kikifuata maneno, huku wajukuu wakisogea mmoja mmoja kwenye mkeka. Katikati akasimama, akamgeukia jamaa.

"Wee mjomba! Kumbe huku kote ulikuwa unaniruka? Mimi mtu mzima?"

Jamaa akaangalia chini. Mjomba akarudisha macho kwenye ukurasa, akausoma wote kimya kimya, mpaka chini kabisa. Watoto wakauliza imekuwaje. Akakohoa, akafunua mbili kwa mpigo.